Sufuria Mbili za Juni

Tangawizi na mdalasini havichemshwi pamoja. Hilo ndilo sharti la kwanza la kinywaji ambacho Wakorea hukiita sujeonggwa, na ndilo lililonikalisha jikoni kwetu Rangwe, Homa Bay, asubuhi nzima nikilinda majiko mawili, huku jirani wakishangaa kuni zinavyoteketea kwa ajili ya chai isiyo na maziwa. Sufuria moja ina tangawizi iliyomenywa na kukatwa vyembamba. Nyingine ina magome ya mdalasini, yale manene yanayouzwa kwa kupimwa, yaliyooshwa vumbi la dukani. Kila kimoja na maji yake, na moto wake. Tangawizi haina subira: kabla maji hayajachemka vizuri, harufu yake imeshatoka nje na kumfikia apitaye njiani. Mdalasini ni mzito wa kuamka. Unakodolea macho sufuria na huoni kitu, maji ni maji tu, mpaka wekundu unapoanza kupanda kutoka chini lilikolala gome, taratibu, na ghafla unagundua kwamba huoni tena kitako cha sufuria. Wajuzi wa kinywaji hiki husema ukivitia vyote pamoja tangu mwanzo, kila kimoja humla mwenzake ladha, na unachopata ni ukali ambao ulimi hauwezi kueleza umetoka wapi.

Dani, bibi wa mji jirani, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akichambua mboga ya osuga, na hakuacha jambo hili lipite. "Nyathina, hiyo ni dawa au ni chai?" Nikamwambia ni chai, Dani, ila ya watu wa mbali. "Basi ni strungi," akasema, yaani chai ya rangi. Akaendelea na mboga zake, kisha akainua macho: "Strungi ya sufuria mbili." Kwa mtu wa huku, hukumu hiyo imekamilika. Chai ya Rangwe ni ya sufuria moja: maji, maziwa, majani na sukari, na kama ni asubuhi ya baridi kama hizi za Juni, kipande cha tangawizi kilichopondwa kwa jiwe, vyote vinatokota pamoja mpaka povu linapanda. Inanywewa moto, na rabuon (viazi vitamu) au nyoyo (mahindi na maharagwe) pembeni. Ndiyo chai inayomwagwa kwa ndoo kwenye matanga, ndiyo inayompokea mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Sina ugomvi nayo. Lakini siku ile nilikuwa na sababu ya kutaka chai ya namna nyingine, na sababu yenyewe ilikuwa tarehe.

Wakorea huandaa sujeonggwa hasa wakati wa Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na wakati wa Chuseok, sikukuu ya mavuno, siku ambazo ukoo hukusanyika, wafu wakaandaliwa meza na walio hai wakainama mbele yake. Baada ya kuchujwa na kuunganishwa, maji ya viungo hutiwa sukari, huchemka mara ya pili, kisha huachwa yapoe kabisa. Ndani yake hulazwa tunda la persimoni lililomenywa na kutungikwa kwenye kamba mpaka likakauka na kutoa unga wa sukari yake lenyewe, na juu zikaelea mbegu chache za msonobari. Ni kinywaji cha raha, na tukiishia hapo hatuna la kuongeza. Ila nchi hiyo ilikatwa vipande viwili. Vita vilianza tarehe 25 Juni 1950, na huko Kusini mpaka leo watu huviita kwa tarehe hiyo, sita-mbili-tano, bila kuhitaji jina lingine. Vilisimama tarehe 27 Julai 1953 kwa hati ya kusitisha mapigano iliyotiwa saini Panmunjom. Hati ya amani yenyewe haijaandikwa. Kati ya pande mbili umebaki ukanda wa upana wa kilomita 4 hivi na urefu wa kilomita 250 hivi, bunduki zikitazamana, na nyuma ya bunduki wamebaki mama na watoto waliopotezana wakati wa kukimbia wakidhani wataonana wiki ijayo. Zaidi ya watu 130,000 wa Kusini walijiandikisha kuwatafuta jamaa zao wa Kaskazini. Wengi wao wameshafariki. Mara ya mwisho familia chache zilipoletwa pamoja ilikuwa Agosti 2018, kwenye mlima Kumgang, wazee wa miaka 80 na 90 wakipewa saa za kuhesabu kushika mikono ya watoto wao ambao nao ni wazee. Wasiobahatika huenda Imjingak, karibu na mpaka, siku ya Seollal, wakaandika meza ya chakula cha sikukuu mbele ya madhabahu inayotazama kaskazini, wakainama kuelekea upande ambao barua hazifiki.

Mpwa wangu ndiye aliyenisomea mapishi kutoka kwenye simu. Vijana wetu siku hizi wanayajua majiko ya Seoul kuliko ya Mombasa; tamthilia za Kikorea zimewafunza. Nilipomtajia tarehe, akanitazama kama mtu aliyeguswa kidonda, maana kwa rika lake 25 Juni ina maana nyingine kabisa. Ni siku ya mwaka 2024 ambayo vijana wa Kenya waliingia Bungeni kuukataa Mswada wa Fedha, na risasi zikawapokea. Mwaka uliofuata waliporudi barabarani kuwakumbuka waliokufa, wengine wakafa kwenye kumbukumbu yenyewe. Na wiki chache kabla ya kumbukumbu hiyo, mwezi huohuo wa Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa hapa Homa Bay, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Kwa hiyo tarehe moja imebeba vilio vya mataifa mawili yasiyofahamiana. Siamini kwamba nyota zimepanga. Ninachosema ni kwamba mtu akitaka siku ya kuchemsha kitu polepole na kufikiri juu ya amani, kalenda imeshamchagulia.

Lakini katika Rangwe, ukitaja wafu wa siasa, mazungumzo hayakawii kurudi nyuma zaidi, kwenye Januari ya mwaka 2008. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133. Waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Sisi huku hatukuwaona kama tarakimu. Tuliwaona wakishuka kwenye mabasi na malori: watu wa kwetu waliozaliwa Nakuru, Naivasha na Limuru, wenye Kijaluo kilichovunjika, wakiulizia boma la babu ambaye jina lake walilijua kwa kusikia tu. Mmoja wao nimemfahamu kwa muda mrefu sasa. Alikuwa mchuma chai Limuru, huko ambako mche wa chai ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903. Usiku wa kukimbia alilala kwenye uwanja wa kituo cha polisi cha Tigoni pamoja na wachumaji wenzake, na kikapu cha mgongoni ndicho kilichokuwa kitanda cha mtoto. Leo anauza omena sokoni. Ukimpa pakiti ya majani huifungua, akanusa, akamwaga kidogo kiganjani na kuyageuzageuza kwa kidole gumba, kisha akakuambia kama yamechumwa vizuri, majani mawili na chipukizi, au kama mchumaji alikuwa na haraka akakomba na vijiti. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu wa chai ambao anasema ulichukua mwaka mzima kutoka. Hajarudi Limuru. Serikali ilipotoa shilingi 10,000 kwa kila familia kuanzia maisha, wengi wa waliokuwa wamejisitiri kwa jamaa zao, nje ya kambi, hawakuonekana na mwenye orodha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nikiitazama chai yetu ya kila siku, ile ya sufuria moja, naona kwamba yenyewe haijawahi kugombana. Majani yanatoka Kericho au Kisii. Ukipanda kutoka huku kuelekea mashariki, mashamba ya chai yanaanza pale baridi inapoanza. Sukari ni ya Awendo, Migori, na anayetaka ya bei nafuu hununua sukari nguru ya viwanda vidogo vya miwa. Tangawizi, wauzaji husema nyingi imevuka kutoka Uganda. Maziwa yakipungua huku, hushuka kutoka upande wa Wakipsigis, na mengi hupitia Sondu, soko lililokaa mpakani kabisa mwa Kisumu na Kericho, ambapo Mjaluo huleta samaki na Mkipsigis huleta maziwa na wote wawili hupunja vipimo kwa ustadi sawa. Soko hilo liliwaka mwaka 1992, na likawaka tena mwaka 2023, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Na siku soko lilipofunguliwa, maziwa yakashuka tena. Watu hupenda kuuchukua mfano kama huu na kusema: mnaona, biashara ni amani. Sidhani. Biashara ya Sondu ni ya zamani kuliko mapigano ya Sondu, na haijayazuia. Maziwa yanavuka kwa sababu yana bei. Mtu anaweza kunywa maziwa ya ng'ombe wa jirani yake kila asubuhi kwa miaka 30 na asijue jirani huyo alimzika nani.

Hapo ndipo sufuria mbili zinaponisumbua. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya msuluhishi Kofi Annan, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka, na nchi ikashusha pumzi. Namshukuru Mungu kwa saini ile. Waliokuwa hai siku hiyo wanajua iliokoa nini. Lakini tangu hapo tumekuwa na haraka ya kuchanganya. Tuliambiwa tusahau yaliyopita, tugange yajayo, tusifukue makaburi, sote ni Wakenya. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na ripoti hiyo imebaki ikisomwa na wanafunzi wa chuo. Kesi za The Hague ziliporomoka moja baada ya nyingine, ya mwisho Aprili 2016, bila mtu hata mmoja kupatikana na hatia ya vifo vile. Machi 2015 zilitangazwa Bungeni shilingi bilioni 10 za kuwafuta machozi waliodhulumiwa, na miaka kadhaa baadaye kanuni za kuzigawa zilikuwa bado zinajadiliwa. Viongozi wamepeana mikono mara kadhaa, na kila wanapopeana mikono sisi tunaambiwa tumepatana. Nani kamwuliza mchuma chai wa Limuru?

Katika Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya kwanza ya mwaka 2008, kanisa lilichomwa likiwa na Wakikuyu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Naivasha, tarehe 27 ya mwezi huohuo, nyumba moja ilichomwa ikiwa na watu 19 ndani, wengi wao Wajaluo, na humo pia mlikuwa na watoto. Sisi wa Rangwe tunaijua Naivasha kwa moyo. Ukimwamsha mtu usiku atakusimulia. Kiambaa tunaisikia kama habari ya redio. Na naamini huko Kiambaa mambo ni kinyume chake. Anapokuja mhubiri wa amani na kutuambia pande zote ziliumia, anasema kweli, lakini anaisema upesi mno, kabla upande wowote haujamaliza kusema uliumiaje. Inatoka ile ladha ya viungo vilivyochemshwa pamoja, ukali usio na mwenyewe. Kilio cha Naivasha kinahitaji moto wake, maji yake, na muda wake wa kufifia na kukolea. Cha Kiambaa vilevile. Na cha Kisumu, ambako risasi za polisi ziliua zaidi ya panga. Na cha wafanyabiashara wa Kikuyu waliokuwa na maduka katika miji yetu ya Nyanza, ambao walifunga virago usiku na majirani wakachungulia dirishani. Hicho cha mwisho ni kazi yetu sisi, hakuna mgeni atakayekuja kutuchemshia. Baada ya hapo ndipo mtu achuje, aunganishe. Maana kuunganisha kupo katika mapishi; hakuna anayekunywa sujeonggwa kwa vikombe viwili.

Wenyeji wa kale hawakuwa wajinga wa jambo hili, ingawa sipendi tabia ya kuwapaka wazee asali. Simulizi zilizokusanywa na watafiti zinaeleza namna Wajaluo na Wamasai walivyofunga vita vyao: ua wa matawi ulijengwa mpakani, mashujaa wa pande zote wakaegemeza mikuki juu yake, mbwa mweusi akakatwa nusu na damu yake ikatiririka kufuata mpaka, kisha mama wanaonyonyesha wakapitishiana watoto juu ya ua, kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa adui. Nimefikiri sana juu ya mama hao. Wazee walikuwa wanaomba, wapiganaji walikuwa wanatazama mikuki yao, na mzigo wote wa maridhiano ulikuwa kifuani mwa mwanamke ambaye pengine mumewe alikuwa ameuawa na baba wa mtoto aliyempakata. Hakuna aliyemwambia asahau. Ua ulikuwepo, mikuki ilionekana, damu ilikuwa chini. Kila kitu kilikuwa kimewekwa wazi kabla maziwa hayajapita. Linganisha hayo na vikao vyetu vya amani vya siku hizi, kwenye ukumbi wa hoteli Homa Bay au Kisii, wenye mabango na posho, ambapo chai ya saa nne ndiyo ajenda pekee inayoheshimu wakati.

Persimoni hatuna. Nilitumia tende za dukani, nikazilaza kwenye bakuli mpaka zikavimba. Mbegu za msonobari pia hatuna. Nikakaanga njugu karanga kidogo, za shamba letu, nikazipukusa maganda na kuziacha zielee. Sukari niliyotia ilikuwa nguru ya Migori, na ndiyo iliyoleta utamu wenye moshi kwa mbali ambao nina hakika haumo katika chai ya Seoul. Kinywaji kililala usiku kucha ndani ya sufuria iliyofunikwa kikapoa, jambo lililowaudhi watu zaidi ya kukosekana kwa maziwa. Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, wahenga walisema, nasi tumezoea kunywa kila kitu kama mchuzi wa mbwa, haraka, tusije tukaona kilichomo. Chai baridi inakulazimisha kuonja. Kwanza huja mdalasini, mtamu, wa juu juu. Halafu, ukishameza na kudhani umemaliza, tangawizi inapanda kooni. Ladha mbili, kila moja na njia yake, ndani ya funda moja. Watoto hawakuipenda, walikula tende wakaacha maji. Muuza omena alimaliza kikombe, akaomba kingine, akasema chai hiyo ingewafaa sana watu wa Limuru kwa baridi ile, lakini wangeichemsha moto. Kisha akaanza kusimulia usiku wa Tigoni. Hakuna aliyemwuliza. Alisimulia mpaka mwisho, pamoja na habari ya msimamizi wake wa shamba, Mkikuyu, aliyemfichia kitambulisho na kukileta kituoni asubuhi, ambaye hajui kama yu hai. Hiyo sehemu ya msimamizi sikuwahi kuisikia.

Dani alikunywa kidogo kidogo kwa adabu ya mtu aliyealikwa. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kitambaa akauliza kama huko Korea watu wale walikuja kuonana. Nikamwambia wachache, Dani, tena kwa siku mbili tatu. Akaguna. Akasema yeye ana binamu yake aliyeolewa Nakuru kwa Mkikuyu, aliyekuwa akija kila Desemba, na tangu vita vile hajakanyaga Rangwe. Hakuna mpaka wa waya kati ya Rangwe na Nakuru. Matatu huenda na kurudi kila siku, na nauli inajulikana.

Kwa hiyo sina mapishi ya kuiponya Kenya, na chai ya viungo haimfufui mtu. Wanaodai haki za waliouawa 2008 na 2024 wanadai mahakama, fidia na majina ya waliotoa amri; chai isitumike kuwanyamazisha, kama ilivyotumika mara nyingi. Ninalolijua ni dogo: kwamba kumbukumbu ya watu wawili haiunganiki kabla kila mmoja hajaisikia yake ikisemwa kwa ukamilifu, na kwamba kazi hiyo haihitaji tume. Inahitaji jioni moja na mtu asiye na haraka.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kama una jirani, mfanyakazi mwenzako au mkwe wa kabila lingine ambaye hujawahi kumwuliza alikuwa wapi Januari ya 2008, mwulize sasa, kabla magari ya kampeni hayajaanza kupita na vipaza sauti. Na akianza kujibu, usimkatize kumwambia nawe uliumia. Zamu yako itafika.